Pikipiki Iliyoota Moto Ukumbini Mwetu

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi niliyokuta blanketi la mwanangu limefungwa kwenye tangi la oili la pikipiki.

Lilikuwa blanketi jeupe lenye ukingo wa buluu, dogo, la kumtosha mtoto ambaye hajaanza kutembea. Nilikuwa nimelifua kwa sabuni ya kipande na kulianika uani, na kwa kuwa kipupwe hakikaushi kitu, nikaliacha lilale kambani. Alfajiri natoka chumbani, mtoto mgongoni anakohoa, nalifuata blanketi, nakuta kamba tupu. Naingia ukumbini. Pikipiki hiyo hapo, inanguruma katikati ya milango sita ya watu, na chini ya kiti chake blanketi la mwanangu limezungushwa tangi na kukazwa kwa kamba ya katani.

Mwenye pikipiki alikuwa amechuchumaa pembeni, kavaa koti lake la kazi, magazeti aliyojaza kifuani kuzuia upepo yanachungulia shingoni. Anapasha viganja vyake kwenye injini. Aliponiona akatabasamu.

"Mtani wangu, nimemwazima mwanao," akasema. "Yeye analala mgongoni kwako, joto analipata bure. Hii yangu haina mama."

Nilikuwa nimemwona mara nyingi akiizima, nikageuza kile kifundo anachogeuza yeye, injini ikafa. Kisha nikapanda. Nilikaa upande, kama mwanamke anavyokaa, mtoto mgongoni, nikamwambia pikipiki hii leo haitoki.

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Mama wa chumba cha mbele akapiga kigelegele, akasema bibi harusi kapanda, bwana harusi yuko wapi. Bibi mwenye nyumba akatoka na msuaki mdomoni, akacheka mpaka akaushika mlango. Na yule bwana mwenyewe akasimama, akawageukia watu kama wakili.

"Mashahidi mpo. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu wa pwani kwa mabega. Leo Wazaramo wameona hata mabega hayatoshi, wanataka kubebwa kwa gurudumu."

"Sikutanii," nikamwambia.

"Na mtani husemaje? Husema hivyo hivyo."

Hapo ndipo pabaya pa jambo zima. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Unyanyembe, na utani wa makabila haya mawili haukuanza jana. Mtani huondoa chungu chako jikoni ukabaki unamtazama. Mtani hulala kaburini siku ya maziko akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Ukimkasirikia, wewe ndiye mshamba. Basi kila nilipofungua mdomo kulalamika, nyumba nzima ilikaa mkao wa kusikiliza mchezo. Nilipopandisha sauti walisema leo kachangamka. Nilipomwaga maji ya kuoshea mchele miguuni kwake, wakasema huyu sasa ndiye mtani. Nilisoma shule ya bweni mpaka darasa la kumi, najua kusema hoja yangu kwa lugha mbili, na ndani ya nyumba ile sikuweza kuaminiwa kwamba nimekasirika.

Asubuhi ile alifungua kamba ya katani, akalikunja blanketi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mfalme upanga. Lilinuka oili. Jioni akaleta vitumbua vya faini kwenye karatasi, watu wakala, nami nikaambiwa shauri limekwisha.

Kesho yake alfajiri pikipiki ikanguruma.

Nieleze nyumba yetu, maana bila nyumba moshi hauna maana. Ilikuwa Kariakoo, si mbali na soko, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho karibu na ua, na mlango wake ulikuwa na nafasi chini ambayo paka angepita akiwa amebeba samaki. Pikipiki ililala ukumbini kwa sababu kwenye baraza ingeibwa. Na ilibidi ije nyumbani kwa sababu mwenyewe alikuwa tarishi wa kampuni moja ya mizigo kule Posta, kazi yake kupeleka na kuchukua hati bandarini na Magogoni, na meli haziulizi ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Bibi mwenye nyumba aliipenda pikipiki ile kuliko wapangaji. Alikuwa mwanamke wa pwani hasa, wa mji tangu kuzaliwa, mwenye amri kwa kila kitu: nani atwange saa ngapi, nani afagie wapi, nani asipite na viatu. Lakini pikipiki haikupewa amri. Nilipomwendea akaniambia, "Mwanangu, nyumba yenye pikipiki ni nyumba ya heshima. Vumilia." Mimi nikamwuliza kama heshima inakohoa.

Wakati wa joto pikipiki haikuwa na neno. Alikuwa akiisukuma hadi nje, anaipiga kiki, anaondoka. Mambo yalianza kipupwe kilipoingia. Alfajiri alikuwa anaiwasha ndani, mlango wa mbele ukiwa umefungwa ili upepo usiingie, na anaiacha ingurume mpaka tangi lipate moto. Moshi ulikuwa unatafuta pa kwenda. Uani kuna upepo unaourudisha, mbele kuna mlango uliofungwa, basi ukawa unaingia kwangu.

Nilimwuliza kwa nini. Hilo alinijibu bila mzaha kabisa. Akaniongoza mpaka dirishani kwake, akanionyesha chupa ya mafuta ya nazi anayopaka nywele. Mafuta yalikuwa meupe, yameganda, ukigeuza chupa hayasogei.

"Unaona?" akasema. "Haya ni ya kichwani, yamelala ndani ya nyumba. Sasa oili ya pikipiki, iliyolala kwenye chuma?"

Na kila siku ndivyo alivyokuwa akipima. Chupa ikiwa nyeupe, pikipiki inapashwa sana. Chupa ikiwa na ukungu tu katikati, inapashwa kidogo. Nyumba nzima iliona ana akili. Hata mimi, nasema kweli, niliitazama ile chupa nikamwamini, maana mafuta yangu ya nazi chumbani yalikuwa yameganda vilevile, na asubuhi nilikuwa nayachokoa kwa kidole nimpake mtoto.

Mume wangu alikuwa karani bandarini, wa zamu, mtu mpole mpaka anaudhi. Kila nilipomweleza alisema yule bwana ana kazi yake, na kazi si rahisi kupatikana, na kwanza ni mtani wako, je, angekuwa mtu baki ungefanyaje? Nikamwambia angekuwa mtu baki ningekwisha kumpiga na mwiko. Akacheka. Hata yeye.

Mtoto alianza na mafua, kama watoto wote wa msimu ule. Mafua yakashuka kifuani. Mchana alikuwa anapata nafuu, anacheza, anavuta kanga yangu. Alfajiri, pikipiki ikishanguruma, kifua kinaanza kupiga filimbi. Niliziba nafasi ya chini ya mlango kwa matambara. Nilitoka naye kwenda kukaa nje barazani kwenye umande, mpaka wauza maji walipoanza kupita. Nikajikuta nachagua baina ya baridi na moshi, mama mwenye chumba ninachokilipia kodi, kama vile sina pa kukaa.

Alfajiri moja, mume wangu yuko zamu, mtoto aliamka hakohoi tena. Alikuwa anavuta pumzi na mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka rangi. Nilifungua mlango kwa nguvu nikatoka na kanga mbili tu, sina buibui, sina viatu. Yule bwana alikuwa ameinama anataka kupiga kiki. Aliinua macho, na nadhani alikuwa tayari na neno lake la mzaha, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akamwona mtoto. Neno likarudi.

Alisukuma pikipiki mpaka nje, akanionyesha pa kukaa, akavua koti lake akatufunika mimi na mtoto, magazeti yakamwagika barabarani. Akaipiga kiki. Haikupashwa hata kidogo. Chupa yake siku ile ilikuwa nyeupe kama chaki, niliiona nilipopita dirishani.

Naikumbuka safari ile kwa masikio. Nilikuwa nimeegemeza shavu langu mgongoni kwake, mtoto katikati yetu, nasikiliza vitu viwili: pumzi ya mwanangu na injini. Nilingoja injini ife. Kipupwe chote nilikuwa nimeambiwa isipopashwa itakufa. Yeye aliiendesha polepole, hakuikamua, kama mtu anayemwongoza mzee. Mwanzo ilikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza. Tulipotoka kwenye mitaa ya soko tukakata Mnazi Mmoja, upepo ukatupiga, magoti yangu yakafa ganzi, lakini sauti ya injini ikaanza kulainika. Tulipofika hospitali ilikuwa inakwenda kama siku zote. Sikuwaza kitu wakati ule. Nilikuja kuwaza baadaye.

Hospitalini walimpokea mtoto haraka. Wakamchoma sindano, wakamkalisha karibu na birika la mvuke. Midomo ikaanza kurudi rangi yake. Nesi, mwanamke wa makamo, akanusa kanga yangu, akaniuliza kwetu tunapika na nini ndani. Nikamwambia hatupiki, tunapasha pikipiki. Akadhani nimechanganyikiwa. Nilipomweleza, akasema mtoto huyu akirudi kwenye moshi ule atarudi hapa, na safari nyingine huenda asiwahi. Alisema hivyo bila kupaza sauti, huku anakunja taulo.

Mtani wangu alikuwa nje amesimama karibu na pikipiki yake bila koti. Hakutaka kuondoka mpaka aambiwe. Nilipotoka kumwambia mtoto anapumua, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema baridi ya leo inatoa machozi. Kisha akaenda kazini.

Alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, kwa miguu.

Mimi nilikuwa nimesharudi, nimekaa na mtoto kwenye mkeka uani. Akaja akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema, kwa sababu mimi na yeye hatukuwahi kusemezana bila kuchekwa. Kule kazini gereji yao ina msimamizi, Mzungu aliyekuja kutoka nchi za baridi. Kipupwe cha nyuma tarishi mmoja aliikamua pikipiki asubuhi na mapema kuwahi kivuko, injini ikanoki, vyuma vikashikana, haikutengenezeka. Msimamizi akatoa amri. Oili ikiwa ya baridi ni nzito, haipandi, vyuma vinasagana vikavu. Basi hataki kuona pikipiki inaanza kazi na oili ya baridi. Na ili ahakikishe, kila asubuhi anasimama langoni, na kila pikipiki inayoingia anaweka kiganja chake kwenye tangi la oili. Likiwa la moto, pita. Likiwa la baridi, jina lako linaandikwa.

Sasa kutoka Kariakoo mpaka Posta ni umbali gani? Wakati wa joto safari ile fupi inatosha, tangi linafika limepata moto. Kipupwe, na upepo ule wa Mnazi Mmoja, tangi linafika karibu na baridi ile ile lililotoka nayo. Alijaribu kwanza kuzunguka, ashuke Jangwani, apande Upanga, ndipo aende Posta, oili ichemke njiani. Karani wa petroli akamwuliza petroli inakwenda wapi. Akajaribu kulifunga tangi kwa gunia, gunia likapeperuka. Akajaribu blanketi, akafungiwa njia na Mzaramo. Kilichobaki ni kuendelea kuipasha ukumbini, bila cha kuifunika.

"Na leo?" nikamwuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

Leo pikipiki ilisimama hospitali upeponi, ikapoa. Akafika langoni. Mkono ukawekwa. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa mara moja huko nyuma, kwa hiyo safari hii akaambiwa aiache pikipiki gereji, arudi nyumbani angoje kuitwa. Alijaribu kueleza habari ya mtoto. Akaambiwa kila mtu ana mtoto.

"Ungewaambia kwamba si wako," nikasema.

"Niliwaambia ni wa mtani wangu. Walicheka."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Alfajiri nilisikia jogoo, nikasikia adhana, nikasikia mikokoteni ikienda sokoni, na mwanangu amelala anapumua kama mtoto wa watu wengine. Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Ningeweza kunyamaza. Na nilikuwa nakaa kitandani na hasira zaidi kuliko wakati wa moshi, kwa sababu mtu aliyekuwa akimwua mwanangu kwa moshi ndiye aliyemwokoa, na aliyemwokoa ndiye aliyeadhibiwa, na aliyeadhibiwa alikuwa amekaa barazani na koti lake safi, anawaamkia wapita njia, hana utani wowote. Bibi mwenye nyumba alimpelekea chai. Hata yeye hakupata jibu la kuchekesha.

Nikaanza kuikumbuka ile sauti ya injini. Kama oili imeganda, tulifikaje?

Nilimwomba oili. Alikuwa na kidogo kwenye kopo, ile ya kuongezea. Jioni nikaweka visahani viwili juu ya ukuta wa uani, kimoja cha mafuta ya nazi, kimoja cha oili yake, nikavifunika kwa kawa wadudu wasiingie. Alfajiri kulikuwa na baridi ya kujikunyata. Nikamwita, nikamwita na bibi. Kisahani cha nazi nilikigeuza juu chini, hakikumwaga kitu. Kisahani cha oili nilikiinamisha. Ikajivuta, nzito, kama asali ya mwishoni mwa chupa, lakini ikaenda. Ikafika ukingoni, ikadondoka.

Bibi mwenye nyumba akachovya kidole, akainusa, akasema haya ya pikipiki hayajaganda, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mafuta yasiyoshika adabu ya kipupwe. Mtani wangu alikichukua kisahani akakiinamisha huku na huku kwa muda mrefu.

"Ni nzito," nikamwambia. "Msimamizi wako hasemi uongo, ukiikamua utaiua. Lakini haijalala. Ukienda nayo polepole inajipasha yenyewe, kama siku ile. Haihitaji kuota moto ukumbini."

"Mimi umeniweza, mtani," akasema. "Sasa kisahani hiki kakiweke kwenye mkono wa Mzungu."

Alikuwa na haki. Angerudishwa kazini, mkono ungekuwa pale pale langoni, na yeye angeiwasha tena ukumbini, na mimi nisingemlaumu, na mtoto angerudi hospitalini. Tatizo halikuwa yeye wala oili wala baridi. Lilikuwa ule mkono.

Ndipo nikasema nitaiandikia kampuni barua. Mume wangu akaniambia nitamharibia mwenzangu kazi. Nikamwambia imeshaharibika, niharibu nini? Bibi akasema wanawake wa nyumba yake hawaendi ofisini kwa watu. Nikamwendea mtani mwenyewe, kwa sababu mkate ni wake. Alifikiri, akakubali kwa sharti moja: "Andika. Lakini humo ndani usinitanie."

Hapo nikaona faida ya karatasi. Ukumbini nikisema nimekasirika watu wanakaa vizuri wacheke. Hakuna aliyewahi kuona utani uliotiwa saini.

Niliandika kwa Kiswahili. Kiingereza ninakijua, lakini nilitaka matarishi wote wa kampuni ile waweze kusomeana. Nikavaa buibui, nikambeba mtoto, nikaenda Posta. Karani mkuu alikuwa Mhindi mzee, mwenye miwani, akanipa kiti kabla hajajua shida yangu. Akauliza mimi ni nani wa yule tarishi. Mke? Sivyo. Dada? Sivyo. Nikamwambia mtani wake. Akatafuta pa kuliandika neno hilo kwenye kitabu chake cha wageni, hakupaona, akaandika jirani.

Akaniambia niseme tu, atafikisha kwa mdomo, hakuna haja ya karatasi. Nikamwambia nimesema kwa mdomo kipupwe kizima na watu walicheka sana, kwa hiyo leo nataka muhuri wa kupokelewa. Mtoto akakohoa. Mzee yule akamtazama juu ya miwani, akauliza kifua? Nikasema kifua. Akasema mjukuu wake naye hivyo hivyo, msimu huu huu. Akavuta muhuri, akaugonga juu ya nakala yangu na juu ya yao, akazipuliza wino ukauke.

Nakala ninayo. Nainakili hapa kama nilivyoipeleka, bila kuongeza neno.

*Kwa Bwana Meneja.*

*Mimi niliyetia saini hapa chini ni mpangaji wa nyumba moja Kariakoo pamoja na tarishi wako mmoja, ambaye sasa umemzuia kazi. Ninaleta mashtaka. Simshtaki yeye. Ninaishtaki amri ya kupima matangi ya oili kwa mkono langoni asubuhi.*

*Amri hii ilitolewa ili injini zisiharibiwe na oili ya baridi. Nia hiyo siikatai. Lakini mkono hauwezi kujua pikipiki imeendeshwaje. Mtu akitoka kwake na oili ya baridi akaikamua injini mpaka hapa, tangi lake litafika lina moto, naye atapita. Mtu akitoka kwake akaenda polepole kama inavyotakiwa, tangi lake msimu huu litafika na uvuguvugu, naye ataandikwa jina. Kwa hiyo amri yako inamwadhibu anayeitunza pikipiki yako na kumsifu anayeiua.*

*Kwa kuogopa mkono huo, matarishi wako wanawasha pikipiki ndani ya nyumba tunamolala. Mimi nimeona nyumba moja. Waulize wenyewe ziko ngapi. Moshi huo ulimfikisha mwanangu hospitali akiwa hawezi kuvuta pumzi. Aliyemfikisha ni tarishi huyu, kwa pikipiki hiyo, bila kuipasha, kwa mwendo wa polepole. Mtoto yu hai na injini ni nzima. Fundi wako aifungue aitazame. Tangi lililokutwa baridi siku ile lilipoa nje ya hospitali, likimngoja mtoto.*

*Ninataka mambo matatu. Kwanza, mkono uondolewe langoni, na badala yake matarishi waamriwe waende taratibu mwanzo wa safari mpaka injini ilainike, jambo ambalo msimamizi anaweza kulisikia kwa masikio yake. Pili, ipigwe marufuku kuwasha pikipiki ya kampuni ndani ya nyumba ya watu. Tatu, tarishi huyu arudishwe kazini na jina lake lifutwe.*

*Nimeambiwa kwamba habari ya mtoto ilipotajwa langoni watu walicheka. Mtoto huyo nimekuja naye. Yuko hapa nje kwa karani wako. Ukitaka kuweka mkono, uweke kwenye kifua chake.*

*Ninangoja jibu la maandishi.*

*Mama yake.*